Kezia na Jina Asilolitaja

Kezia, mke wa mwanangu Marwa, hajawahi kukalia kigoda mpaka kikapata joto. Ukimkaribisha anakaa kwa upande mmoja, kama kuku anayemsikiliza mwewe, na ukigeuka kuchukua kibuyu cha maziwa, ukirudi utamkuta mlangoni anatazama njia. Alikuja kwetu hivyo hivyo kutoka Nyambureti. Siku aliyoletwa nilimwambia mume wangu kwamba ng'ombe wetu tumewatoa kwa ajili ya miguu, maana sioni kingine hapa. Yeye akacheka, akasema miguu nayo inafika shambani.

Ilikuwa miaka ile ya Operesheni Vijiji. Tulikuwa tumebomoa boma letu la zamani kule bondeni, tukapanga nyumba kwa mstari huku juu ya Tarime kama serikali ilivyotaka, na kila mtu alikuwa anasikia kikohozi cha jirani yake. Hata ng'ombe walizunguka zunguka zizini hawajui walale wapi. Kuleta mke wakati kama ule ni kama kupanda muhogo katikati ya njia, lakini Marwa hakutaka kusubiri. Alikuwa amempata Kezia huko Mwanza, katika ofisi moja ya pamba, Marwa akiendesha lori la ofisi hiyo. Kezia alisomeshwa na wamisheni, vidole vyake vyepesi, wakamweka kwenye kompyuta.

Nieleze kompyuta, kwa sababu wengi hapa hawajaiona. Ni mashine inayojaza chumba kizima, haina mkono wala mdomo. Inalishwa kadi ngumu zenye matundu, na matundu yale ndiyo maneno. Kezia alikuwa akiyatoboa kwa mashine ndogo yenye vibonyezo, kisha anazifunga kadi pamoja kwa mpira, na kila fungu ni kazi moja: pamba ya kijiji hiki, pamba ya kijiji kile. Kadi za juu ya fungu si hesabu, ni amri. Zinaiambia mashine kazi hii inaitwaje, ni ya tarehe gani, na ni ya nani. Chini yake ndipo zinafuata kadi za hesabu, nazo mashine inazimeza tu kama kinu kinavyomeza mtama.

Sasa hapo kwenye "ni ya nani" ndipo ugomvi ulipoanzia.

Kwetu mke hataji jina la baba wa mumewe. Hataji kwa mdomo, wala halitaji mbali naye, wala usingizini kama anaweza. Mume wangu anaitwa Mokami. Mimi naliandika kwa sababu ni mume wangu, tumeota mvi pamoja, na simwoni wa kuniuliza. Lakini Kezia hawezi. Chakula kikiiva anasema, mwambieni mwenye boma. Mgeni akimuuliza hapa ni kwa nani, anamwonyesha mlango, anamwonyesha zizi, mwisho ananiita mimi. Hakuona tabu. Ni heshima, na mimi nilimpenda kwa hilo kuliko kwa elimu yake.

Kule kazini wakamwandika Kezia Mokami, maana mumewe ni Marwa Mokami. Jina la baba mkwe likawa lake, na kule wanatumia hilo la mwisho tu. Akawa analibeba kama mtu anavyobeba chungu kichwani, yeye mwenyewe hakioni, wanaokiona ni wengine. Kwenye kadi ya juu alikuwa akilitoboa, akifumba macho. Aliniambia hivyo mwenyewe, na mimi nilimwambia kidole nacho ni mdomo. Tangu hapo hakulala vizuri.

Halafu likaja jambo la dirisha. Mkuu wa chumba cha mashine alikuwa Bushiri, kijana wa Kiislamu wa hapa hapa Tarime, baba yake fundi cherehani pale sokoni. Mafungu ya kadi yalikuwa yakichanganyika, kazi ya huyu inatoka kwa jina la yule. Bushiri akaweka sheria: kila anayeleta fungu asimame dirishani, ataje kwa sauti jina lake la kazini, jina la kazi na tarehe, ndipo lipokewe. Kezia akifika alitaja tarehe, akataja kazi, akanyamaza.

"Ya nani?" mpokeaji anamuuliza.

"Yangu."

"Wewe nani?"

"Si unaniona."

Waliopanga foleni nyuma yake wakiguna, fungu lake likawekwa chini ya mengine yote. Hesabu zake zikawa zinatoka zimechelewa, na pamba ya watu inasubiri. Bushiri akamwonya kwamba ikiendelea hivyo atamwondoa, amweke mtu mwenye mdomo.

Hayo tulikuwa hatuyajui huku. Tulichokijua ni cha Maftah, muuza vitambaa, ambaye alitoka Mwanza akawachekesha watu sokoni kwamba mke wa Marwa siku hizi kazi yake ni kusimama dirishani kuita majina ya wakwe. Maftah anapenda kuchekesha. Lakini Heche alikuwepo, na Heche, mdogo wa mume wangu, hacheki bure. Mguu wa Mokami ulikuwa umevimba tangu mvua zianze. Heche akaunganisha mguu na dirisha. Akasema jina likipigwapigwa ovyo mwenye jina anadhoofika, na wazee wenzake wakatikisa vichwa. Wakakaa, wakaamua: Kezia aletwe, atoe mbuzi wa kumsafisha baba mkwe, aache kazi ya Mwanza, ashike jembe.

Mokami alikuwa akiuhamisha ule mguu tu, mara juu ya gogo, mara chini, mara juu tena.

Mimi sikukubali kuamua mambo kwa maneno ya muuza vitambaa. Nikawaambia nitakwenda mwenyewe. Nikimkuta Kezia analitaja jina, nitarudi naye na mzigo wake kichwani. Nikimkuta halitaji, Heche ndiye atakayetoa mbuzi, tumle hapa hapa.

"Shemeji Nyangi," Heche akasema, "wewe utakwenda kuona nini? Hata kompyuta huijui mbele wala nyuma."

Nikamjibu kwamba yeye ng'ombe anawajua mbele na nyuma na bado wanampotea.

Basi lilitutikisa mpaka Mwanza. Sikusinzia hata kidogo. Nilikuwa nashika kikapu, nakiachia, nakishika. Marwa alikuwa safarini na lori. Kezia alinipokea kituoni, akanitanguliza, akanipita, akarudi, yaani kutembea naye ni kama kutembea na mbuzi asiyefungwa. Alipofika nyumbani akaweka samaki jikoni, akakaa, akasimama. Nikamwambia aketi, nimuulize neno moja.

"Umelitaja?"

"Sijalitaja, mama. Wataniondoa kazini kwa sababu sijalitaja."

Nikamtazama sana. Mtu mwongo hutulia ili uongo usimwagike. Huyu alikuwa hatulii, nikamwamini. Nikamwambia basi waliokaa kule nyumbani wanamngoja na jembe. Akashtuka kuliko nilivyotarajia. Kazi ile aliipenda. Alisema ndiyo kitu pekee kinachokwenda mbio kama moyo wake, na kwamba akikaa mbele ya vibonyezo ndipo tu miguu yake inanyamaza.

Halafu akaniambia ana njia, ila hajaijaribu. Akachutama karibu na jiko.

"Mashine ina mambo inayoyajua yenyewe," akasema. "Inajua leo ni tarehe ngapi, inajua saa. Inajua jina lake na jina la kazi iliyo mbele yake. Na inajua nani ameileta. Huna haja ya kuyaandika. Unaandika alama, na neno la kuonyesha unataka lipi, yenyewe inajaza."

Nikamuuliza alama gani. Akaichora kwenye majivu kwa kijiti. Ilikuwa imejikunja, kama mwanamke aliyekaa chini akakunja miguu. Akasema neno likitanguliwa na alama ile, mashine hailisomi kama lilivyo. Inakwenda kutazama kwake ndani, inaleta kilichopo, inakiweka mahali pa neno.

"Ni kama wewe na mwenye boma," nikasema.

"Ndiyo, mama. Nasema mwenye boma, na anayekuja ni yeye, mimi sijamtaja. Hata kesho mwenye boma akiwa mwingine, neno langu ni lile lile."

"Kesho hatakuwa mwingine."

Akaziba mdomo, akakimbilia samaki.

Asubuhi tulikwenda ofisini pamoja. Bushiri alinipa shikamoo ya Tarime, ile ya kuinama. Chumba kilikuwa na baridi kama kilele cha mlima, tukavua viatu, na mashine ilikuwa inavuma bila kupumzika. Nikaona kwa nini Kezia anaipenda. Hata yenyewe haikai.

Kezia akamweleza njia yake. Bushiri akakuna kidevu. Akaniambia amekulia Tarime, mila zetu anazijua, wala hamdharau mzee yeyote. Lakini kazi isiyo na mwenyewe hawezi kuipokea, kwa maana ikiharibika atamshika nani.

"Mashine ikimtaja yenyewe juu ya karatasi, mbele ya macho yangu, dirisha namfutia," akasema. "Isipomtaja, mama, urudi naye."

Kezia akatoboa kadi zake. Sikuelewa kila kitu lakini nilimwona akibonyeza ile alama iliyokunja miguu, tena na tena. Fungu likaingia. Mashine ikalimeza, mashine nyingine pembeni ikaanza kupiga kelele na kutema karatasi. Bushiri akaichana, akaitazama, wapokeaji wakaja kuchungulia, wakacheka. Mashine ilikuwa imeandika alama yenyewe, kama ilivyo, na neno lake nyuma yake. Haikujaza kitu. Mmoja akasema mashine imemchora bibi amekaa.

Kezia akaanza kutembea. Kutoka ukutani mpaka ukutani, mikono nyuma, midomo ikicheza. Nilitaka kumwambia asimame, nikajizuia. Ghafla akarudi, akalifungua fungu. Alikuwa ameziweka zile alama kati ya kadi za hesabu. Akamwambia Bushiri, na Bushiri akakubali kwamba ni kweli: mashine inasikiliza kadi za amri tu. Kinu hakisomi mtama. Ukiweka alama katika mtama, itasagwa na kutoka unga wa alama.

Akazihamisha juu, kwenye amri. Fungu likaingia tena. Safari hii karatasi ilipotoka hakuna aliyecheka. Tarehe ilikuwa ya siku ile, na hakuna mkono uliokuwa umeiandika. Saa ilikuwepo. Jina la mashine, jina la kazi, yote yamekaa mahali pake kama wageni walioonyeshwa viti. Ila pale mahali pa mwenye kazi palikuwa peupe. Hapana kitu. Nafasi tu.

"Haikujui," Bushiri akasema.

Akatueleza. Tangu aajiriwe, Kezia alikuwa akiipa mashine jina lake kwa kadi, kila siku upya, kama mgeni. Hajawahi kuandikwa ndani. Mtu hujulishwa kwa mashine mara moja, kwenye taipureta kubwa iliyounganishwa nayo, na tangu hapo akiingia na namba yake mashine inamtambua, na alama ikiuliza nani, inajibu. Mara moja tu. Lakini sheria ya chumba ilisema kila mtu ajiandike kwa mkono wake, asije mtu kesho akasema aliandikiwa.

Kezia akaenda mbele ya ile taipureta. Akainua mikono. Vidole vile ambavyo siku zote vinakimbia vikasimama hewani kama ndege waliokosa tawi. Mara hii hakufumba macho. Nadhani alikuwa anakumbuka neno langu, kwamba kidole nacho ni mdomo. Akashusha mikono, akaificha nyuma yake, akanigeukia.

"Mama, twende nyumbani."

Alisema polepole, na alikuwa amesimama pale pale, hatembei. Miguu ilikuwa imetulia. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimezoea kumkemea kwa kutotulia, lakini kumwona ametulia namna ile, kama ng'ombe aliyeshakubali kamba, sikuweza kuvumilia.

Nikamwambia Bushiri, "Mura, kijana wangu, isome tena sheria yako."

Akanionyesha imebandikwa ukutani. Mwenye jina aliandike mwenyewe.

"Sawa," nikasema. "Jina hilo ni la nyumba yangu. Niliolewa nalo kabla huyu hajanyonya. Nimemzalia mwenye jina, nimempikia, nimemzika mama yake. Mwenye jina amefika, mpe nafasi."

Bushiri akaniangalia, akaiangalia sheria, akaniangalia tena. Akauliza kama najua herufi. Nikamwambia kisomo cha watu wazima nilihudhuria mpaka mwisho, na kwamba mwalimu wetu hakuwahi kunifuta hata neno moja. Hakuwahi kunifuta kwa sababu alikuwa ananiogopa, lakini hilo halikumhusu Bushiri.

Akageuka akaelekea dirisha la nje. "Mimi naangalia kama mvua inakuja," akasema. Nje jua lilikuwa kali.

Nikakaa. Herufi za taipureta hazikupangwa kama mwalimu alivyozipanga. Aliyezitawanya namna ile alikuwa amelewa. Nikaitafuta M, nikaipata karibu na chini, nikaipiga kwa kidole cha shahada kama mtu anavyoua kupe. Ikalia. Nikaenda O. Kezia alikuwa amenipa mgongo, anautazama ukuta. Nikaendelea, K, kisha A, na kila nikipiga nilisikia bega lake likiruka. M nyingine nilijua imejificha wapi. Ya mwisho ilikuwa I. Bushiri akarudi, akabonyeza namba ya Kezia pembeni, akasema tayari.

Fungu lile lile likaingia. Hakuna kadi iliyobadilishwa, hakuna tundu lililoongezwa. Mashine ikavuma, karatasi ikatoka, na mahali palipokuwa peupe palikuwa pameandikwa MOKAMI. Nililisoma kwa sauti, lote, ili wale wapokeaji wasikie kwamba bibi aliyekaa anajua kusoma. Kezia hakugeuka, lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza tena, wa kulia juu ya wa kushoto, wa kushoto juu ya wa kulia.

Bushiri akaibandua sheria ya dirisha, akaandika chini yake kwamba anayetajwa na mashine hahitaji kujitaja. Wiki ile ile, naambiwa, wote wakaanza kutumia ile alama. Si kwa heshima ya mkwe yeyote. Walichoka kupiga kelele dirishani.

Niliporudi, wazee walikuwa wameshakaa. Nilijua Heche atakuwa ameshachagua hata ukubwa wa jembe. Nikawaambia nilichokiona: halitaji kwa mdomo, na sasa halitaji hata kwa kidole. Anaweka alama, mashine inajua yenyewe.

Wakanong'ona. Heche hakuridhika. Alikuwa anakuna mguu wake kama vile uliovimba ni wake.

"Mashine haizaliwi na majina ya watu," akasema. "Kuna aliyeiambia."

"Yupo."

"Aliyeiambia ndiye aliyelitaja. Huyo ndiye wa kutoa mbuzi. Ni nani?"

"Mimi."

Heche akamtazama mzee aliye kulia kwake, yule akatazama fimbo. Kumtoza mbuzi mke mkubwa kwa kutaja jina la mumewe, ambalo amelitaja tangu wao wakichunga ndama, hakuna aliyejua mahali pa kuanzia. Mokami, ambaye siku zote zile hakuwa amesema neno, akauteremsha mguu kutoka kwenye gogo.

"Heche," akasema, "yule mweupe mwenye pembe iliyovunjika. Ndiye mnene."

Tulimla. Mguu wa Mokami ulinywea kiangazi kilipoingia, kama unavyonywea kila mwaka, na Heche anasema ni kwa sababu ya mbuzi wake.

Kezia bado yuko Mwanza, na bado ni yule yule. Akija likizo na watoto, kabla hajafungua mzigo ameshakwenda kisimani na kurudi. Mokami humwita, humwuliza jambo moja tu, kila mara hilo hilo, kama vile hajawahi kujibiwa: ile mashine, bado inanitaja?

"Bado inamtaja mwenye boma, baba," Kezia anamjibu, akiwa ameshafika mlangoni.